Peter Cameron Scott: Mwimbaji aliyegeukia ngazini

Ukifika mjini Machakos ukamwambia mwendesha boda akupeleke Scott, hatakuuliza mara mbili. Atakupeleka moja kwa moja kwenye chuo kikuu cha Kikristo chenye jina hilo. Lakini hebu muulize huyo Scott mwenyewe alikuwa nani. Pengine atakuna kichwa, akwambie ni mzungu fulani wa zamani, halafu akudai nauli yake.

Na wewe pia, kama umekulia Machakos, Kangundo, Mlolongo au Athi River, huenda umeliona jina hilo mara mia na hujawahi kujiuliza. Si kosa lako. Majina ya watu waliokufa zamani hugeuka kuwa majina ya majengo, na jengo halikusimulii chochote.

Basi leo nikusimulie. Wala sikupi somo la historia ya kanisa ili ulale katikati. Nakusimulia kwa sababu mtu huyu, kabla hajawa mmishonari, alikuwa kijana wa mjini mwenye sauti nzuri, mwenye ndoto ya jukwaa na taa, na wazazi ambao hawakutaka kusikia habari hizo. Kama unaimba kwenye kikosi cha sifa kanisani kwenu na usiku unahesabu ni watu wangapi wametazama video yako, kisa hiki ni chako.

Kijana mwenye sauti

Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow, Scotland, mwezi Machi mwaka 1867. Akiwa bado mvulana, familia yake ilivuka bahari ikahamia Philadelphia, Marekani. Ni kama zile familia unazozijua leo, ambazo siku moja zinauza kila kitu na kwenda kuanza maisha upya ughaibuni. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa kanisa, wa sala na nidhamu.

Kijana akagundulika kuwa na kipaji. Sauti yake haikuwa ya kawaida, na akapata kufundishwa na mwalimu wa muziki Mwitaliano. Elewa uzito wa jambo hilo. Enzi zile hakukuwa na redio, rekodi za kununua mtaani, wala simu za mkononi. Mtu aliyetaka kusikia muziki mkubwa alilazimika kuvaa vizuri, kukata tiketi na kwenda kwenye jumba la opera. Na opera ilikuwa mali ya Waitaliano. Kufundishwa na Mwitaliano kulikuwa kama leo mtayarishaji mkubwa wa muziki akupigie simu, akwambie njoo studio, gharama juu yake.

Wazazi wake walikataa. Kwao jukwaa la opera lilikuwa mahali pa kumpotosha mtoto. Unaweza kuwacheka, useme wazee wa zamani bwana, walikuwa wanaogopa kila kitu. Lakini Peter alikuwa anabishana na wazazi mdomoni na anabishana na nafsi yake moyoni, na ugomvi huo wa pili ndio uliomnyima raha. Alilelewa akijua kwamba sauti imetoka kwa Mungu. Sasa swali likawa moja tu: je, inarudi kwa nani?

Ngazini

Siku ikafika. Jumba la opera lilikuwa limetangaza kwamba linatafuta waimbaji wa kundi la jukwaani. Peter akaamua kwenda kujaribu bahati yake. Alifika, akaanza kupanda ngazi za jumba lile.

Hapo ngazini ndipo vita vilipomkuta. Hapakuwa na pepo la kupiga kelele, hakuna aliyeanguka chini wala kutokwa na povu. Kulikuwa na kijana mmoja, ngazi chache mbele yake, na swali ambalo hakuweza kulikwepa tena: maisha yako utayatumia kumtukuza Mungu au kujitukuza mwenyewe? Akasimama. Akageuka. Akashuka zile ngazi, akarudi barabarani.

Simama kidogo hapa, kwa sababu ni rahisi kuisoma vibaya hadithi hii. Kuimba opera si dhambi, sawa na vile kupiga gitaa la benga si dhambi, na kurekodi wimbo ukalipwa si dhambi. Wapo waliopanda ngazi kama zile na Mungu akawa pamoja nao kule juu. Scott hakugeuka kwa sababu jengo lile lilikuwa najisi. Aligeuka kwa sababu alijua yeye mwenyewe anapanda kwenda kutafuta nini. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Tukizungumza habari za vita vya kiroho huku kwetu, mawazo yanakwenda haraka kwenye kesha, spika zikiwa wazi mpaka mwisho, mtu akifunguliwa na umati ukishangilia. Sikatai kwamba hayo yapo. Lakini Biblia yenyewe, inapounganisha sifa na vita, mara nyingi inatuonyesha vita vya aina nyingine. Mfalme Yehoshafati aliwatanguliza waimbaji mbele ya askari, jambo ambalo kwa hesabu ya kijeshi ni wazimu. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi, migongo ikiwa imechanwa na fimbo. Na Mfalme Sauli, aliyekuwa akitulizwa na kinubi cha Daudi, aliharibiwa moyo na wimbo tu, siku akina mama walipomsifu Daudi kwa maelfu mengi kuliko yake. Wimbo uleule unaoweza kufukuza roho mbaya unaweza pia kuifungulia mlango. Inategemea nani anatafuta sifa.

Kaburi la ndugu

Baada ya siku ile Scott hakukaa nyumbani kuonewa huruma. Aliingia chuo cha kuwaandaa wamishonari mjini New York, kilichoanzishwa na mhubiri A. B. Simpson. Mwezi Novemba 1890, akiwa na umri wa miaka 23, alipanda meli kwenda Afrika, upande wa magharibi, kwenye mwambao wa Kongo.

Miezi michache baadaye ndugu yake John akamfuata. Fikiria furaha ile: uko mbali na kwenu, lugha hujui, joto linakuchoma, halafu unamwona ndugu yako wa damu anashuka kwenye boti. Lakini furaha hiyo haikudumu. Afrika Magharibi wakati ule wazungu waliiita kaburi lao, kwa sababu malaria haikuwabagua. John alikufa baada ya miezi michache tu.

Peter alitengeneza jeneza la ndugu yake kwa mikono yake. Akachimba kaburi mwenyewe. Akamzika.

Wewe unayeijua miziki ya kusifu, unajua kwamba kuimba Jumapili wakati mambo ni mazuri hakuhitaji imani nyingi. Bendi iko sawa, umelala vizuri, umekula. Swali la zile ngazi lilimrudia Scott pale kaburini, na safari hii halikuwa na taa wala umati wa kumpigia makofi kwa uamuzi wake. Kule Philadelphia aliacha kitu ambacho hajakipata. Hapa alikuwa amepoteza kitu alichokuwa nacho. Na pale kando ya kaburi akajitoa upya kwa kazi ileile iliyomuua ndugu yake.

Mimi nadhani huu ndio ulikuwa ushindi mkubwa kuliko ule wa ngazini. Kukataa umaarufu ukiwa na miaka ishirini na kitu kuna ladha yake, hata kunaweza kukupa kiburi cha aina nyingine. Kuendelea kumsifu Mungu ukiwa na udongo wa kaburi la ndugu yako mikononi hakuna ladha yoyote.

Ila mwili wake haukufuata moyo. Homa zilimwangusha, na mwaka 1892 ikabidi apelekwe Uingereza. Alipopata nafuu kidogo alikwenda Westminster Abbey, London, mahali alipozikwa David Livingstone. Kwenye jiwe la kaburi hilo kuna maneno ya Yesu kutoka Injili ya Yohana, yale yanayohusu kondoo wengine ambao bado hawajaingizwa zizini. Scott alipiga magoti pale. Akainuka na wazo jipya: asirudi magharibi, aingilie mashariki. Aanzie mwambao wa Bahari ya Hindi, ajenge mlolongo wa vituo vya misheni kuelekea bara, kituo baada ya kituo, hadi Ziwa Chad.

Chukua ramani uangalie kutoka Mombasa hadi Ziwa Chad. Ni mpango wa mtu mgonjwa mwenye umri wa miaka 25, asiye na pesa. Ungemwambia nini?

Kutoka Mombasa hadi Nzaui

Mwaka 1895 watu wachache mjini Philadelphia walimwamini, na Africa Inland Mission ikaundwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo Scott na kikundi kidogo walianza safari. Katika kikundi hicho alikuwamo dada yake Margaret, na kijana mmoja aliyeitwa Willis Hotchkiss, ambaye tutamrudia. Mwezi Oktoba walikuwa Mombasa.

Leo ukitoka Mombasa asubuhi kwa treni ya SGR, unashuka Emali kabla hujamaliza stori na jirani yako. Wao walitembea. Reli ya kuelekea bara ilikuwa bado haijajengwa. Walifuata njia ya misafara, zaidi ya kilomita 300, wakiwa na wapagazi waliobeba kila kitu kichwani, wakivuka nyika ya Taru isiyo na maji. Hawakuwa wa kwanza kulifikiria eneo hilo. Johann Ludwig Krapf, yule Mjerumani wa Rabai, alifika Ukambani mwaka 1849 akapokewa na mfanyabiashara mkubwa Kivoi. Lakini Krapf hakuweza kuanzisha kituo cha kudumu.

Desemba 1895 walifika Nzaui, chini ya ule mlima wa mawe unaouona ukielekea Makueni. Siku hizi Nzaui iko Kaunti ya Makueni, lakini mpaka mwaka 1992 eneo lote hilo lilikuwa wilaya ya Machakos. Na mji wa Machakos wenyewe wakati huo ndio uliokuwa makao ya serikali ya Waingereza huku bara. Nairobi ilikuwa bado kinamasi cha kunyweshea ng'ombe.

Wakamba waliowapokea wageni hawa hawakuwa watu waliokaa tu wakisubiri kuangaziwa. Walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu, wawindaji, wachongaji, na juu ya yote, waimbaji na wachezaji. Walimjua Mungu na walikuwa na jina lake, Mulungu au Ngai. Walikuwa na nyimbo za kazi, za mavuno na za vita, na ngoma iitwayo kilumi, iliyoongozwa zaidi na akina mama, ya kuwatuliza aimu, yaani roho za waliotangulia. Kwa maneno mengine, Scott aliyekimbia jukwaa la Philadelphia alikuwa ameingia kwenye nchi ambayo kila kijiji kilikuwa na jukwaa lake, na kila mtu alijua kwamba wimbo una uhusiano na ulimwengu usioonekana. Jambo hilo la pili, Wakamba walilielewa kuliko wengi wa wale waliokuja kuwafundisha.

Mwaka mmoja

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mikono. Kupasua mbao, kufyatua matofali, kupanda mboga, kutibu vidonda, kujifunza Kikamba neno kwa neno. Scott alikuwa mtu wa kutembea. Alizunguka Ukambani kwa miguu kutafuta mahali pa kujenga, na katika muda usiozidi mwaka mmoja vituo vikawa vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Wamishonari wengine wakafika kuongeza nguvu, na miongoni mwao wazazi wake mwenyewe. Ndiyo, wale waliomkataza jukwaa. Walifunga mizigo wakamfuata mtoto wao mpaka chini ya mlima wa Nzaui.

Ukipiga hesabu hapo utasema mambo yameiva. Mungu amejibu. Kijana aliacha opera, akamzika ndugu, sasa anavuna. Hivyo ndivyo shuhuda nyingi tunazosikia huishia: niliacha hiki, Bwana akanipa kile, tena mara mbili.

Hii haikuishia hivyo. Mwishoni mwa 1896 Scott alikuwa amejichosha kupita kiasi. Alishikwa na ile homa kali inayotokana na malaria, inayogeuza mkojo kuwa mweusi, na ambayo wakati ule haikuwa na dawa. Tarehe 4 Desemba 1896 alifariki dunia. Alikuwa na miaka 29. Alizikwa Nzaui.

Hakufika Ziwa Chad. Hakufika hata Kijabe. Hakuona kanisa limejaa.

Na mambo yakazidi kuharibika. Mmoja baada ya mwingine, wenzake walikufa au wakarudi kwao wakiwa wagonjwa. Mwisho wa muongo huo ikaja njaa kubwa ambayo Wakamba waliipa jina Ngomanisye, ikifuatana na ndui, ikaua watu wengi sana Ukambani. Wakati fulani mwaka 1899, kati ya kundi lote la misheni ile, alibaki mtu mmoja tu kwenye eneo la kazi, William Gangert. Ungekuwa mkaguzi wa hesabu ungeandika neno moja: imefeli.

Neno lililotoka kwa Mkamba

Sasa turudi kwa Hotchkiss niliyekuahidi. Yeye alikaa miaka kadhaa akitafuta neno moja la Kikamba, neno la kuokoa, na hakulipata. Alijua kusema maji, moto, mbuzi. Lakini utamwimbiaje Mwokozi kama huna neno la Mwokozi?

Usiku mmoja, kando ya moto, kiongozi wa wapagazi wake, Mkamba, alikuwa anasimulia jinsi mmishonari mmoja alivyorukiwa na simba na jinsi yeye alivyomtoa kwenye makucha ya yule mnyama. Katikati ya masimulizi akalitamka lile neno, bila kujua kwamba mzungu anayemsikiliza amelitafuta kwa miaka. Hotchkiss aliruka kwa furaha.

Napenda sana tukio hili. Linakuonyesha kwamba sifa haikusafirishwa kwa meli kutoka Philadelphia ikiwa imefungwa tayari kwenye sanduku. Neno lilikuwa hapahapa, kwenye mdomo wa mtu aliyekuwa ameokoa maisha ya mwenzake. Kazi ya mgeni ilikuwa kunyamaza na kusikiliza.

Ngoma zilizonyamazishwa

Bahati mbaya, si wote walijifunza kunyamaza. Hapa lazima nikwambie ukweli, la sivyo nitakuwa nimekupa hadithi ya Jumapili asubuhi.

Misheni ilifufuka. Charles Hurlburt aliongoza kazi, kituo cha Machakos kikafunguliwa mwaka 1902, makao makuu yakawekwa Kijabe mwaka 1903. Shule na zahanati zikafuata. Lakini Mkamba aliyebatizwa alitakiwa kuziacha ngoma. Si kilumi peke yake. Mdundo, mchezo, na wakati mwingine hata furaha ya mwili kutikisika, vyote vilitiwa kwenye kapu moja la mambo ya shetani, na mahali pake pakawekwa nyimbo za Kizungu zilizotafsiriwa, zenye kuimbwa umesimama wima kama mlingoti.

Wamishonari waliamini wanapigana vita vya kiroho, na kwa upande wa ibada ya aimu walikuwa na hoja yao. Lakini walikosa kutofautisha chombo na anayetukuzwa kwa chombo hicho. Scott alipoiacha opera hakusema sauti ni mbaya. Alisema sauti yangu isiende kwangu. Hakuna aliyempasua koo lake. Waliokuja baada yake waliwaambia Wakamba wazipasue ngoma.

Watu waliona uzito wa mambo kama hayo. Mwaka 1945 Wakristo wa Ukambani, wakitaka kumwabudu Mungu bila kusimamiwa na mzungu, walianzisha Africa Brotherhood Church, ambayo mpaka leo makao yake makuu yako hapohapo Machakos. Na misheni yenyewe hatimaye ilikabidhi kanisa kwa Waafrika mwaka 1971. Ndilo Africa Inland Church unalolijua, AIC.

Halafu nenda leo kwenye ibada ya AIC, uone. Ngoma zipo, kayamba zipo, akina mama wanapiga vigelegele. Ukivuka mpaka uingie Tanzania, ambako misheni hiyo ilifika mwaka 1909, utakutana na kwaya ambazo nyimbo zake umezisikia kwenye matatu na kwenye harusi hata kama hujui zimetoka wapi: AIC Chang'ombe ya Dar es Salaam, AIC Makongoro ya Mwanza, AIC Shinyanga. Kwa kanisa lililoanzishwa na kijana aliyegeukia ngazini alipokwenda kuomba nafasi ya kuimba, hilo si jambo dogo. Aliacha nafasi moja kwenye kundi moja la jukwaani. Hakuwahi kuzisikia kwaya hizi, na hata angezisikia asingeelewa maneno.

Na chuo pale Machakos kilifunguliwa mwaka 1962 kwa jina lake, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 1997. Vijana wa rika alilokuwa nalo wakati wa zile ngazi wanasoma pale sasa hivi, wengine bila kumjua.

Sasa wewe

Huenda kesho kutwa una zoezi la kikosi cha sifa. Unajua jinsi mambo yalivyo. Nani atashika maiki ya kwanza. Nani amewekwa nyuma karibu na spika wakati yeye ndiye mwenye sauti. Nani amerekodi kipande akajipiga picha yeye peke yake, wenzake wamekatwa. Mchungaji anahubiri habari za nguvu za giza, na ninyi waimbaji mnaitikia amina kwa nguvu zote huku watatu kati yenu hamsalimiani tangu Pasaka.

Hivyo ndivyo vita. Havina moshi. Vinapiganwa kabla maiki haijawashwa.

Sikwambii uache muziki. Kama una kipaji na Machakos imekusikia, Nairobi itakusikia, na pengine dunia pia. Rekodi. Lipwa haki yako, maana msanii naye hula. Mdai promota asiyelipa. Mtu akikwambia kuomba malipo kwa kazi ya injili ni kukosa imani, muulize yeye analipwa wapi. Kujitoa kwa Scott kusitumiwe na mtu yeyote kukunyang'anya jasho lako.

Ninachokwambia ni kwamba utafika kwenye ngazi zako. Kila mwenye kipaji hufika. Ngazi zako zinaweza kuwa mkataba wa muziki unaokutaka uimbe usichoamini. Zinaweza kuwa mshiriki mkubwa kanisani anayekuahidi kukulipia video, na wewe unajua pesa zile zinatoka wapi na anataka nini. Zinaweza kuwa kitu kidogo zaidi: siku unapotambua kwamba umefunga macho na kuinua mikono, lakini akilini unajipiga picha jinsi unavyoonekana ukiwa umefunga macho. Siku hiyo utalazimika kujijibu. Na jibu lako halitafanana na la Scott lazima. Labda utapanda. Lakini upande ukijua unampelekea nani hiyo sauti.

Halafu ujue kwamba haitakuwa mara moja. Scott aliulizwa ngazini, akaulizwa tena kaburini, akaulizwa tena akiwa hoi kitandani Nzaui, kazi haijaisha, ramani ya Ziwa Chad ikiwa bado ni ramani tu. Kila mara swali lilikuwa lilelile na gharama ilipanda. Mtu anayekuahidi kwamba ukimsifu Mungu vya kutosha matatizo yataondoka, hajasoma maisha ya mtu huyu. Kwa Scott matatizo hayakuondoka. Yeye ndiye aliyeondoka, akiwa na miaka 29, umri ambao wengi wetu bado tunaishi kwa mama tukisubiri mambo yakae sawa.

Je, alishinda? Ukipima kwa hesabu za 1896, hapana. Ukipima kwa kwaya zinazoimba leo, ndiyo. Lakini nafikiri kipimo chote hicho si chake. Pale Nzaui hakujua habari za kwaya yoyote. Alichokuwa nacho ni kile tu alichoamua akiwa katikati ya ngazi, mguu mmoja juu, mwingine chini: kwamba sauti aliyopewa ina mwenyewe.

Kwa hiyo ukipita Machakos, ukiliona lile jina kwenye lango la chuo, usipite tu kama unapita kioski. Na ukiwa umebeba gitaa lako, jiulize mapema, kabla hujafika ngazini.